Kulala kwenye kambi tulivu ya mlimani jirani na hifadhi ya taifa: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua kambi hadi kung'oa hema

Usiku wangu wa kwanza mlimani nilipiga hema kando ya kijito, mahali palipopendeza kuliko pengine pote kambini. Ilipofika saa 9 usiku nilikuwa nimekaa kitako ndani ya hema, nimevaa kila nguo niliyobeba, taulo nimelizungusha shingoni, nasubiri kuche. Asubuhi mwangalizi wa kambi, mzee asiyependa maneno mengi, alinikuta nikigonga barafu iliyoshika kwenye zipu. Akanyoosha kidole kuelekea kiwanja kidogo kilichokuwa juu kidogo ya mteremko, kama hatua mia moja hivi. "Kule hakukuganda, kijana," akasema, akaenda zake.

Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kutetemeka namna hiyo, mengine kwa kuuliza, na machache kwa kusoma. Yanamhusu mtu anayetaka kulala nje ya hifadhi, kwenye kambi ndogo ya mlimani, kisha mchana aingie hifadhini kutembea. Mpango huo una raha zake: hakuna msongamano, hakuna mabasi ya watalii yanayowasha injini alfajiri, na mara nyingi nafasi hupatikana hata pale kambi za ndani zimejaa miezi kadhaa mbele. Ila ujue unachonunua. Kambi tulivu ni kambi isiyo na duka, isiyo na mtandao wa simu, na pengine isiyo na jirani wa kumwazima kibiriti. Ulichosahau nyumbani kimesahaulika.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kulipa

Picha za kambi hupigwa jua likiwa limewaka. Wewe unahitaji kujua mambo ambayo picha haisemi, na swali la kwanza liwe mwinuko: kambi iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua utabiri wa mji ulio chini, kisha piga hesabu. Mji ukiwa kwenye mita 600 na usiku wake ukitabiriwa kuwa nyuzi 18, kambi iliyo kwenye mita 2,600 itakuwa na kama nyuzi 5. Ondoa tena nyuzi kadhaa ikiwa anga ni jeupe na upepo umetulia, maana usiku wa namna hiyo ardhi hupoteza joto lake haraka. Unaona sasa kwa nini mtu aliyeondoka mjini na shati jepesi huishia kulala ndani ya gari.

Swali la pili ni muda wa kufika kwenye geti la hifadhi, na utake jibu la dakika. Kilomita 15 za barabara ya mlimani yenye kona na mawe zinaweza kula saa nzima. Uliza pia geti hufunguliwa na kufungwa saa ngapi, na kama kibali cha kuingia huhesabiwa kwa siku ya kalenda, kwa saa 24, au kwa kila unapoingia. Ukilala nje, jibu hilo ndilo linaloamua kama unaweza kutoka mchana ukapumzike kambini, urudi jioni, bila kulipa upya.

Kisha ya kawaida: maji yanatoka wapi na ni ya kunywa au ya kuchemsha, choo ni cha namna gani, moto unaruhusiwa msimu huu, jenereta zinaruhusiwa, barabara ya mwisho inapitika na gari dogo mvua ikinyesha. Mwenye kambi akisita kwenye swali la jenereta, umeshapata jibu kuhusu utulivu.

Hatua ya 2: Upe mwili siku

Chini ya mita 2,500 watu wengi hawahisi kitu zaidi ya kuhema kidogo wakipanda. Kuanzia hapo kwenda juu, ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata yeyote, hata kijana mwenye mazoezi. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa kukatika. Wengi huzidhania kuwa ni uchovu wa safari.

Ukipata dalili hizo, usipande zaidi. Zikizidi badala ya kupungua, shuka. Mtu akianza kuchanganyikiwa, akapepesuka kama mlevi, au akahema kwa shida hata akiwa amekaa, hapo ni dharura: ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, na apelekwe kwa tabibu. Kwa safari ya kawaida inatosha kulala usiku mmoja mahali pa mwinuko wa kati kabla ya kufika kambini, kunywa maji ya kutosha, na kuacha pombe siku mbili za mwanzo. Wanaoendelea kupanda juu ya mita 3,000 hushauriwa wasiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa siku.

Jua nalo lisikudanganye kwa ubaridi wake. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Nimewahi kuungua masikio siku ambayo sikuvua koti.

Hatua ya 3: Anza na kilicho chini ya mgongo

Watu hutumia pesa kwenye mfuko wa kulalia, wakasahau godoro. Mfuko hukupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi zake. Ukiulalia, sehemu ya chini inagandamizwa, hewa inatoka, na kinachobaki kati yako na ardhi ni kitambaa tu. Ardhi ya mlimani hunyonya joto la mwili usiku kucha. Kwa hiyo godoro la kambini, la povu au la kujaza hewa, ni kinga kabla ya kuwa raha.

Magodoro hayo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa R: namba ikiwa kubwa, baridi ya chini inazuilika zaidi. Kwa usiku unaokaribia kuganda, mimi sishuki chini ya 4. Usipokuwa na godoro la kiwango hicho, tandika mawili. Namba zao hujumlishwa. Jembamba la povu chini na la hewa juu ni mpango mzuri pia kwa sababu la hewa likitoboka hulali chini kabisa. Godoro nene la hewa la nyumbani, lile la wageni, liache nyumbani: ndani yake hewa huzunguka huru na kubeba joto lako kulipeleka ardhini.

Kwenye mfuko wa kulalia utakuta namba za nyuzi joto, kwa kawaida mbili au tatu. Moja ni ya starehe, nyingine ni kikomo, na ya tatu, iliyo chini kabisa, ni ya kuponea tu. Muuzaji hupenda kuandika kwa herufi kubwa ile ya kikomo. Wewe soma ya starehe, kisha chagua mfuko ambao starehe yake iko nyuzi 5 chini ya baridi unayoitarajia. Mfuko wa ziada ya joto hufunguliwa zipu. Uliopungua hauna dawa.

Nguo za kulalia ziwe kavu na ziwe za kulalia tu. Sufu au kitambaa cha kutengenezwa kiwandani kinachokauka upesi kinafaa. Pamba hushika jasho na unyevu ikabaki baridi mwilini. Kofia ya sufu, soksi nene ambazo hazijatembelewa siku hiyo, na glavu. Soksi usizivae mbili mbili hadi zikubane, maana damu isipopita vizuri miguu itapoa zaidi.

Vilivyobaki nitavitaja haraka: tochi ya kichwani na betri za akiba, koti la mvua, kamba za ziada, vigingi vya ziada, nyundo au jiwe, sanduku la huduma ya kwanza, filimbi, ramani ya karatasi, vibiriti viwili vilivyofungwa sehemu tofauti.

Hatua ya 4: Fika mapema, tembea kabla ya kushusha mzigo

Lenga kufika angalau saa mbili kabla ya jua kuzama. Milimani jua hujificha nyuma ya kilele mapema kuliko saa inavyosema, na likiondoka tu, joto linaanguka kama pazia. Egesha, usishushe kitu, zunguka kambi nzima kwa miguu.

Unatafuta nini? Kwanza, mwinuko mdogo ndani ya kambi yenyewe. Hewa baridi ni nzito. Usiku tulivu huteremka mlimani polepole kama maji, ikajikusanya bondeni na kandokando ya vijito. Ndiyo maana kijito changu kiliganda na kiwanja cha mzee hakikuganda. Kupanda hatua mia moja kutoka kwenye shimo la bonde kunaweza kukupa nyuzi kadhaa za joto bila kulipia chochote. Lakini usiende kupita kiasi ukapiga hema kwenye kigongo kilicho wazi. Huko upepo utakuhoji usiku kucha. Eneo la katikati ya mteremko, lenye kiwanja bapa na vichaka au mawe upande wa upepo, ndilo lenye neema.

Pili, tazama juu. Tawi kavu lililoning'inia, au mti mzima uliokufa ukisimama, huanguka siku yoyote ya upepo. Tatu, tazama chini: mfereji mkavu wenye mchanga laini unavutia kulalia, kumbe ni njia ya maji ya mvua, na mvua yenyewe inaweza kunyesha mbali juu ya mlima huku kwako kukiwa na nyota. Nne, jua litachomoza wapi. Hema linalopata jua la kwanza hukauka mapema na mwenye hema huamka na hamu ya kuishi.

Ukishapata mahali, lala chini kwanza kwa dakika moja kabla ya kutandika hema. Mgongo utakuonyesha jiwe na mteremko ambao jicho halikuona. Kichwa kielekee upande wa juu. Mlango ukae upande usiopigwa na upepo.

Hema lipigwe likiwa limevutwa vyema, kamba zote zikifungwa hata kama hewa imetulia, kwa kuwa upepo wa mlimani hubadilika kati ya jioni na usiku. Turubai la chini likunjwe lisichomoze nje ya hema, la sivyo litakinga mvua na kuipeleka chini yako. Na ule mwanya wa hewa juu ya hema usiufunge kwa kuogopa baridi. Mtu mmoja hutoa glasi nzima ya maji au zaidi kwa pumzi na ngozi katika usiku mmoja. Mwanya ukifungwa, maji hayo hushika kwenye kitambaa na kukudondokea alfajiri. Hema lenye hewa kidogo na mwili mkavu lina joto kuliko hema lililofungwa na mfuko uliolowa.

Hatua ya 5: Jiko na maji

Kila mita 300 unazopanda hushusha kiwango cha kuchemka kwa maji kwa karibu nyuzi 1. Kwenye mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Yanatokota, mvuke unatoka, lakini chakula hakiivi kwa kasi uliyoizoea. Maharage makavu utayachemsha hadi gesi iishe. Beba vyakula vinavyoiva haraka au vilivyokwisha kupikwa, na weka gesi ya ziada.

Gesi yenyewe ina tabia zake. Butani tupu huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi 0, ndiyo maana mtungi uliojaa unaweza kukataa kuwaka asubuhi ya barafu. Nunua mtungi wenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Usiku uweke mtungi karibu na mwili, au uupashe joto ndani ya koti kabla ya kupika. Usiupashe kwa moto.

Hapa niseme kwa sauti kubwa: jiko, mkaa au hita ya kuwaka isiingie ndani ya hema. Hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi nusu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mkaa uliobaki na makaa mekundu huitoa muda mrefu baada ya moto kuonekana umezimika. Watu hulala wakiwa wamepata joto, hawaamki.

Maji ya kijito cha mlimani yanaweza kung'aa na bado yakawa na vimelea kama Giardia kutoka kwa wanyama wa juu. Yachemshe yatokote kwa dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika 3. Kichujio kizuri huondoa bakteria na vimelea, ingawa vingi havizuii virusi. Klorini ni dhaifu dhidi ya kimelea kingine kiitwacho Cryptosporidium. Kama kichujio chako ni kile cha nyuzi ndogo zenye matundu, kilaze nawe ndani ya mfuko: kikiganda mara moja kimeharibika na hutaona kwa macho. Chupa ya maji ya kunywa igeuze kichwa chini usiku, kwa sababu barafu huanzia juu, na asubuhi kifuniko kitafunguka.

Hatua ya 6: Chakula chako na wenyeji wa porini

Mpaka wa hifadhi ni mstari wa kwenye ramani, wanyama hawausomi. Kambi iliyo jirani ina wageni walewale, tofauti ni kwamba huenda hakuna askari wa hifadhi anayepita kukukumbusha.

Uliza kambini ni mnyama gani msumbufu, kisha fuata desturi yao. Mahali pa dubu sheria ni kali: huko Yosemite, hifadhi ya taifa ya Marekani, chakula hakiruhusiwi kubaki ndani ya gari usiku, lazima kiwekwe kwenye makabati ya chuma, kwa sababu dubu wamejifunza kuvunja milango ya magari. Yellowstone, hifadhi nyingine ya huko, hutaka mtu akae angalau mita 91 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine. Penye nyani, hatari ni mchana ukiwa umeenda kutembea. Kwingine kote kuna panya, na panya atatoboa hema jipya kwa ajili ya pipi moja iliyosahaulika mfukoni.

Kanuni inayofaa kote ni kwamba hemani kisiingie kitu chenye harufu: chakula, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo, taka, wala shati ulilopikia. Vifungie kwenye gari panaporuhusiwa, au kwenye kabati la kambi, au kwenye chombo kigumu mbali na hema. Pikia mbali pia. Masufuria yaoshwe usiku huohuo, na maji ya kuoshea yamwagwe kwa kutawanywa, angalau mita 60 kutoka kwenye kijito.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Kula kitu chenye mafuta kidogo kabla ya kulala. Mwili huhitaji kuni zake. Tembea kidogo, damu ichemke bila kutoa jasho, ndipo uingie. Mfuko wa kulalia haupashi, unahifadhi tu joto uliloingia nalo. Jaza chupa ngumu maji ya moto, funga sawasawa, ivalishe soksi, iweke mapajani. Na nenda haja kabla ya kuingia. Ukiamka katikati ya usiku na kubanwa, toka tu. Kujizuia hadi asubuhi ni saa nne za kutolala.

Simu iwekwe ndani ya mfuko, kwani baridi hunyonya betri.

Kuhusu utulivu: usiku wa bondeni hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, na hali hiyo hupinda sauti ikairudisha ardhini. Mazungumzo ambayo mchana yangefia hatua thelathini husikika kambi nzima. Nimewahi kusikiliza ugomvi wa wachumba wawili kuhusu nani alisahau chumvi, wakiwa upande wa pili wa bonde, neno kwa neno. Kambi nyingi huanza saa za ukimya saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Toa vitu vyote garini mapema, kwa sababu mlango wa gari na king'ora chake ndivyo vinavyoamsha watu kuliko muziki. Tochi ya kichwani iangalie chini unapopita karibu na hema la mtu.

Zima taa zote kwa dakika 20 hadi 30 hivi, macho yazoee giza, kisha tazama juu. Usiku usio na mwezi utaona Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota. Ukiangalia simu mara moja tu, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana tochi yenye taa nyekundu inafaa.

Hatua ya 8: Mchana hifadhini

Ondoka kabla ya mapambazuko. Kifungua kinywa kiandae usiku. Wanyama hutembea alfajiri na jioni, geti halina foleni, na milimani mawingu ya radi hupenda kujengeka alasiri, kwa hiyo safari ndefu ya miguu imalizike adhuhuri. Mwachie mwangalizi wa kambi karatasi yenye njia unayopita na saa ya kurudi.

Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, tafuta jengo au gari lililofungwa, na ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi hata kidogo. Kama uko wazi, shuka kutoka kigongoni, kaa mbali na mti uliosimama peke yake.

Hatua ya 9: Moto na kuondoka

Moto ukiruhusiwa, tumia shimo lililopo na kuni zinazouzwa hapohapo. Kuni za mbali husafirisha wadudu. Amerika ya Kaskazini, mbawakawa mmoja mdogo wa kijani aliyesambaa pia kwa njia hiyo ameua makumi ya mamilioni ya miti ya jamii ya ash. Kuuzima ni maji, kukoroga, maji tena, kisha kugusa majivu kwa mgongo wa mkono. Yakiwa na uvuguvugu, bado.

Hema usilikunje likiwa limelowa umande kama una nusu saa ya kungoja jua. Ukilazimika, lifungue na kulitandaza siku hiyohiyo utakapofika nyumbani, vinginevyo ukungu utalila. Hesabu vigingi. Tembea kiwanja chote ukiinama, okota hata kipande cha kamba na vifuniko ambavyo si vyako.

Kisha, kabla hujasahau, andika kwenye karatasi ulichokikosa safari hii na uitie ndani ya mfuko wa hema. Yangu ina mistari kumi na mmoja sasa. Wa juu kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akitetemeka, ni "godoro la pili".